SOMO: KUFUNDISHA GITAA KATIKA DARASA LA WANAOANZA

Masomo ya Biblia: 1 Nyakati 25:1-8, 2 Wafalme 3:11-16, 1 Wakorintho 14:7-8



Paruasi nyingi zimetuandikia zikiuliza namna ya kuanzisha darasa la gitaa kwa vijana na kwa wamama. Wengine wamenunua gitaa moja au mbili na hawajui waanze wapi. Wengine wameanza, na baada ya mwezi mmoja darasa limekufa. Wengine tena wanauliza kama darasa la namna hiyo linafaa kuwa ndani ya kanisa. Sisi walimu watatu wa gitaa wa paruasi moja ya hapa Lubumbashi tumeombwa kujibu. Tutajibu kwa Neno la Mungu na kwa mambo tuliyoyaona kwa macho yetu, pamoja na makosa yetu. Msomaji asikilize, apime, kisha afanye.

I. JE, WIMBO ULIOPOKEWA UNAHITAJI MWALIMU?

Hili ndilo ulizo la kwanza, na wazee wetu wanaliuliza kwa haki. Tangu mwaka 1921, wakati Papa Simon Kimbangu alipoanza kazi ya Bwana pale Nkamba, nyimbo zetu hazikutungwa mezani. Zinapokewa. Mtu yuko katika maombi, au amelala, au analima shamba lake, na wimbo unamjia na maneno yake na sauti yake. Basi wengine wanasema: Roho anayetoa wimbo hawezi kushindwa kutoa na vidole. Kwa nini kumketisha mtoto mbele ya ubao mweusi?

Tusome 1 Nyakati 25. Pale tunaona kwamba wana wa Asafu, wa Hemani na wa Yeduthuni waliwekwa kutabiri kwa vinubi, kwa vinanda na kwa matoazi. Mwandishi analitumia neno la kutabiri, wala halitenganishi na kupiga chombo. Lakini katika sura hiyo hiyo mstari wa 7 unasema kwamba watu hao walikuwa wamefundishwa, na hesabu yao ilikuwa 288. Mstari wa 8 unaonyesha mwalimu na mwanafunzi wakipigiwa kura sawasawa. Basi manabii hao walikuwa na darasa, na darasa hilo lilikuwa na walimu.

Tusome tena 2 Wafalme 3. Wafalme watatu wako jangwani bila maji, na wanamwendea Elisha. Nabii anaomba kwanza aletewe mtu anayejua kupiga kinanda. Mtu yule alipopiga, mkono wa Bwana ukamjia Elisha. Tuangalie vizuri: Elisha alikuwa nabii, na mwenye kinanda alikuwa mtu mwingine, ambaye jina lake hatulijui. Kama siku ile mtu yule angekuwa na nyuzi zisizopatana, au vidole visivyojua njia, nabii angesumbuliwa badala ya kusaidiwa.

Na Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 14 anasema kwamba chombo kisichotoa sauti zinazotofautiana hakiwezi kueleweka, na baragumu isiyo na sauti wazi haimwandai mtu kwa vita.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Wimbo ni zawadi, nasi hatumfundishi mtu kupokea. Tunafundisha kubeba kile kilichopokewa, ili kisimwagike njiani. Tunajua kanuni yetu tatu: Upendo, Amri, Kazi. Gitaa liko upande wa Kazi.

II. KWA NINI GITAA LINAOGOPWA

Hapa Katanga gitaa lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo haikupita kanisani. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine yake ya kunasa sauti, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, kijana mmoja wa ukoo wa Bayeke, Mwenda Jean Bosco. Alinasa wimbo wake «Masanga», na gitaa la Katanga likajulikana mbali. Bosco alipiga kwa vidole viwili vya mkono wa kuume, gumba na kile cha kuonyeshea, na wasikilizaji walidhani wanasikia watu wawili. Aliimba Kiswahili. Alikufa mwaka 1990 kwa ajali ya gari. Wengine kama Edouard Masengo na Losta Abelo walipita njia hiyo hiyo.

Tukumbuke pia kwamba miaka ile ndiyo miaka ya mwisho ya Papa Simon Kimbangu katika gereza la Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Alipumzika tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30 ya kufungwa. Basi katika mji mmoja, wafungwa wa imani waliimba bila chombo nyuma ya ukuta, na nje ya ukuta gitaa lilikuwa likipigwa kwenye makambi ya wafanyakazi na mahali pa pombe. Wazee waliozaliwa wakati ule walilijua gitaa kama kitu cha mahali pa kunywea. Kanisa letu linakataza pombe, tumbako na dansi. Mzee akishtuka kuona gitaa mkononi mwa mjukuu wake, asidharauliwe. Anakumbuka mambo ambayo sisi hatukuyaona.

Lakini mbao na nyuzi hazina dhambi. Nabali alikunywa divai mpaka akalewa, na Daudi alikuwa na kinubi, na wote wawili waliishi siku zile zile. Gitaa linakwenda pale linapochukuliwa. Tutarudi kwenye jambo hili katika sehemu ya VII, kwa maana lilitupata sisi wenyewe.

III. KOSA LETU LA KWANZA

Siku ya posho ya kwanza walikuja watu 31. Tulikuwa na gitaa nne. Tulifurahi sana juu ya wingi wa watu, tukachora ubaoni akordi sita, tukaeleza kila moja, na kila mtu akanakili katika kaye yake. Gitaa zilizunguka, lakini zilikaa kwa vijana wa mbele waliojua kidogo. Siku ya posho ya pili tukaongeza akordi nne. Siku ya posho ya nne walibaki watu 11.

Siku ile mama mmoja mjane, anayeuza mboga sokoni, alisimama akasema: «Papa mwalimu, nimefunga biashara yangu mara nne kwa kuja hapa. Kaye yangu imejaa. Lakini mpaka leo sijagusa uzi hata mmoja.»

Tulinyamaza. Alikuwa amesema kweli. Tulikuwa tumefundisha ubao, hatukufundisha mikono. Tulifunga darasa majuma mawili, tukaomba, tukapanga upya. Mambo yanayofuata yametoka katika kupanga kule.

IV. KUPANGA DARASA LENYE WATU WENGI NA GITAA CHACHE

Watu 288 wa 1 Nyakati 25 waligawanywa katika makundi 24, kila kundi watu 12. Nasi tugawanye. Sisi tunaweka watu wanne kwa gitaa moja, na kila mmoja ana kazi:

1. Wa kwanza anashika gitaa na kupiga.
2. Wa pili anaangalia vidole vya mkono wa kushoto, na kusema kama vimekaa mahali pake.
3. Wa tatu anapiga mapigo kwa mkono juu ya meza au juu ya paja, bila kuharakisha.
4. Wa nne anaimba.

Kila baada ya dakika tano mwalimu anapiga kengele ndogo, na kila mtu anasogea nafasi moja. Katika dakika 20 wote wanne wamepiga, na hakuna aliyekaa bure. Tuliona jambo la ajabu: wanaoangalia vidole vya wenzao wanajifunza upesi, kwa maana jicho linaona kosa la mwingine kabla ya kuona la kwake.

Wanaotaka kuendelea nyumbani na hawana gitaa, watengeneze ubao wa shingo. Mtu anatafuta kipande cha mbao chenye upana wa vidole vitatu au vinne, anachora nyuzi sita kwa urefu na vyuma vitano kwa upana, akipima kwenye gitaa la darasa. Ubao huu hautoi sauti, lakini vidole vinazoea njia. Watoto wetu wanajua pia kutengeneza gitaa la bati kwa galoni ya mafuta na waya za breki za baiskeli. Msiwacheke. Wapiga gitaa wengi wa nchi hii walianza hivyo.

Mtu asiseme kwamba haiwezekani kuanza na vyombo vichache. Orkestra ya Senfoni ya Kimbanguiste ilianza Kinshasa mwaka 1994 chini ya Armand Diangienda, mjukuu wa Papa Simon Kimbangu. Wakati wa kuanza wanafunzi walikuwa wengi kuliko violini, wakapokezana, kila mmoja akisubiri zamu yake. Leo inajulikana ng'ambo.

V. KUPATANISHA NYUZI

Kila somo lianze kwa maombi, kisha kwa kupatanisha nyuzi. Mwalimu asifanye kazi hii peke yake kabla watu hawajafika. Anayejua kupiga na hajui kupatanisha atakuwa mtumwa wa mwalimu wake siku zote.

Uzi wa 1 ni ule mwembamba, ulio karibu na sakafu. Uzi wa 6 ni ule mnene, ulio karibu na kidevu. Kutoka wa 6 mpaka wa 1, majina ni: mi, la, re, sol, si, mi. Kwenye shingo kuna vyuma vidogo vilivyolala. Nafasi kati ya chuma na chuma tunaiita chumba, na chumba cha 1 kiko karibu na kichwa cha gitaa.

Kwanza tunatafuta la ya uzi wa 5 kwa filimbi, kwa kinanda, au kwa programu ya simu. Kisha:

– uzi wa 6, ukibanwa katika chumba cha 5, ulie sawa na uzi wa 5 ulio wazi;
– uzi wa 5, chumba cha 5, sawa na uzi wa 4;
– uzi wa 4, chumba cha 5, sawa na uzi wa 3;
– uzi wa 3, chumba cha 4, sawa na uzi wa 2. Hapa tu ndipo chumba kinabadilika, na hapa ndipo wengi wanakosea;
– uzi wa 2, chumba cha 5, sawa na uzi wa 1.

Sauti mbili zikikaribiana bila kupatana, sikio linasikia mtetemo kama wimbi linalopanda na kushuka. Zikikaribiana zaidi wimbi linapungua mwendo, na zikipatana linakoma. Wafundisheni wanafunzi kulisikiliza wimbi hilo wakiwa wamefunga macho. Somo hili linachukua majuma mengi, lakini tulifanye kila juma kwa dakika kumi.

Jambo la kuangalia: gitaa lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni lisiwekewe nyuzi za chuma. Chuma kinavuta kwa nguvu zaidi, na kitang'oa daraja au kupinda shingo. Tena gitaa lisitundikwe karibu na bati la paa wala kuachwa juani. Wakati wa mvua nyuzi zinapoteza sauti upesi. Si kosa la mwanafunzi.

VI. AKORDI ZA KWANZA NA MKONO WA KUUME

Mwanafunzi aketi kwenye kiti kisicho na mikono, gitaa juu ya paja la kuume, mgongo wima. Kucha za mkono wa kushoto zikatwe. Gumba la kushoto likae nyuma ya shingo, na kidole kibane uzi karibu na chuma, upande wa kichwa, si juu ya chuma chenyewe. Vidole vinahesabiwa hivi: cha 1 ni cha kuonyeshea, cha 2 ni cha katikati, cha 3 na cha 4 vinafuata.

Tusianze na akordi za vidole vitatu. Tuanze na kidole kimoja:

Do ndogo: kidole cha 1 katika uzi wa 2, chumba cha 1. Piga nyuzi 3, 2 na 1 tu.
Sol-saba ndogo: kidole cha 1 katika uzi wa 1, chumba cha 1. Piga nyuzi 3, 2 na 1 tu.

Kidole kinahama kutoka uzi mmoja kwenda uzi wa jirani, na mama yule wa mboga anaweza kusindikiza wimbo mfupi siku ile ile. Hili ni jambo kubwa. Mtu aliyesindikiza wimbo mmoja siku ya kwanza atarudi siku ya pili.

Baada ya majuma matatu au manne tunaongeza mi ndogo ya huzuni, ambayo wenye solfeji wanaiita mi mineri: kidole cha 2 katika uzi wa 5 na cha 3 katika uzi wa 4, vyote chumba cha 2, nyuzi zote sita zinapigwa. Kisha do kamili: kidole cha 3 katika uzi wa 5, chumba cha 3, cha 2 katika uzi wa 4, chumba cha 2, cha 1 kinabaki pale kilipokuwa. Kisha sol na re. Mwenye sol, do na re anasindikiza nyimbo nyingi sana. Fa ingoje. Tumeona vijana wenye moyo wakiacha gitaa juu ya fa peke yake.

Vidole vitauma kwa majuma mawili au matatu, mpaka ngozi ikomae. Waambieni mapema, wasije wakafikiri wanafanya vibaya. Dakika kumi na tano kila siku zinafaa kuliko saa mbili za siku ya posho.

Mkono wa kuume: tunaanza na gumba peke yake likishuka juu ya nyuzi, mapigo manne, polepole. Baadaye tunafundisha njia ya wazee wa Katanga: gumba linapiga nyuzi nene za 6, 5 na 4 kwenye mapigo, na kidole cha kuonyeshea kinajibu katikati kwenye nyuzi nyembamba za 3, 2 na 1. Urithi huu ni wetu. Hakuna sababu ya kuuacha uwe mali ya mahali pa pombe.

Mwisho, na hili ni kwa ajili ya kanisa letu zaidi ya wengine: nyimbo zetu hazikupokewa kwa kipimo cha vidole vya wanaoanza. Mama mmoja ataanzisha wimbo katika ibada mahali sauti yake ilipo, na gitaa lazima limfuate. Kwa hiyo kila somo tunafanya zoezi hili. Mmoja anaimba sauti moja tu na kuishika. Wengine wanaitafuta kwenye uzi, chumba kwa chumba, mpaka waikute. Anayeikuta anajua wimbo umesimama wapi. Kibano cha shingo kinasaidia pia: kila chumba kimoja kinapandisha sauti nusu hatua, hivi akordi ya do iliyobanwa chumba cha 2 inalia kama re. Wasio na kibano wafunge kalamu ya risasi ngumu juu ya nyuzi kwa ukanda wa mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Sisi tunafanya hivyo.

VII. GITAA LILILOTOKA USIKU

Sasa tuseme jambo lililokaribia kuvunja darasa. Katika mwaka wa kwanza, kijana mmoja wa miaka 16, mwenye mkono mzuri kuliko wote, aliomba kuchukua gitaa nyumbani siku ya kazi tano. Tulimpa. Usiku ule mzee mmoja wa kanisa, akitoka kwenye kilio, alipita mbele ya mahali pa pombe akasikia gitaa. Akaingia. Alimkuta kijana ameketi katikati ya walevi, na mfuko wetu wa gitaa, wenye jina la kanisa, chini ya kiti chake.

Siku ya yenga baada ya ibada wazee waliketi. Mmoja alisema: «Nilisema tangu mwanzo. Chombo hiki kinajua njia ya kwao. Tufunge darasa.» Wengi walikubali kwa kichwa. Sisi walimu hatukuwa na la kusema. Kijana alisimama akitazama chini.

Ndipo yule mzee aliyemkuta, ambaye tulidhani atakuwa mkali kuliko wote, akamwuliza: «Mwana, walikulipa?»

«Ndiyo, Papa.»

«Hizo faranga ziko wapi?»

Kijana akajibu kwamba amelipa minervali ya dada yake, aliyekuwa amefukuzwa shuleni juma lile. Mzee akatuma mtu kwenda kuuliza. Ilikuwa kweli. Mama yao alikuwa mgonjwa tangu miezi miwili, na hakuna mtu wa paruasi aliyekwenda kuwaona. Na sisi walimu, tuliokuwa naye kila siku ya posho, tulijua vidole vyake lakini hatukujua nyumba yake.

Wazee hawakusema kwamba alifanya vizuri. Amri ni amri. Aliondolewa kupiga katika ibada kwa miezi mitatu, akalipa uzi uliokatika kwa kufagia uwanja wa kanisa. Lakini darasa halikufungwa. Siku ile ile wamama walikusanya sadaka kwa ajili ya mgonjwa. Familia mbili zilitoa watoto wao darasani na hazijawarudisha mpaka leo, nasi tunawaheshimu na kuendelea kuwaombea.

Miezi mitatu ilipokwisha, mzee yule alishauri kijana apewe ufunguo wa kabati la gitaa. Wengi walishangaa. Alisema: «Mtu mwenye ufunguo haibi, anaangalia.» Sasa ni miaka mitatu. Kijana anakuja saa moja kabla ya wote, anafungua kabati, anaita wadogo wamsaidie kupatanisha nyuzi, na jioni anahesabu na kufunga.

Kutokana na jambo hili tuliweka sheria nne, ambazo tunawashauri:

1. Gitaa la kanisa linaandikwa katika kaye: nani amelichukua, siku gani, analirudisha lini, na mzazi gani anajua.
2. Mwalimu anatembelea nyumba ya kila mwanafunzi angalau mara moja kabla ya mwaka kwisha.
3. Mwanafunzi anayeombwa kupiga mahali pengine amwulize mzee wa kanisa kwanza. Harusi na kilio si sawa na mahali pa pombe, lakini aulize.
4. Mwanafunzi mwenye shida ya minervali aseme, wala asione haya. Na sisi tusingoje aseme.

VIII. MWISHO

Wapendwa, kuna paruasi zitakazosema: hatuna gitaa hata moja. Anzeni na ubao wa shingo na mapigo ya mikono. Wengine watasema: hatuna mwalimu. Mtafuteni anayejua akordi tatu, afundishe akordi mbili. Kenania katika 1 Nyakati 15:22 alipewa kazi ya kufundisha kwa sababu alijua. Haikuandikwa kwamba alijua yote.

Juma lililopita palikuwa kilio katika mtaa wetu. Umeme ulikatika, vipaza sauti vikanyamaza, na waimbaji wakaanza kupoteana gizani, kila upande na sauti yake. Mama wa mboga alikuwa na gitaa la darasa, kwa maana ilikuwa zamu yake kulichukua nyumbani, na jina lake limeandikwa katika kaye. Alipiga do ndogo na sol-saba ndogo, nyuzi tatu tu, polepole. Waimbaji waliisikia sauti, wakarudi mahali pamoja. Wimbo uliendelea mpaka asubuhi.

MAULIZO YA KUJIFUNZA

1. Katika 1 Nyakati 25, ni neno gani linaonyesha kwamba kupiga chombo kulikuwa kazi ya kinabii? Na ni neno gani linaonyesha kwamba kulifundishwa?
2. Kwa nini Elisha alimwita mpiga kinanda? Katika ibada zetu, mpiga gitaa anaweza kusaidia namna gani, na anaweza kuzuia namna gani?
3. Katika paruasi yenu, ni nani amejaza kaye na hajagusa uzi? Fikirini juu ya kazi zote za kanisa, si gitaa tu.
4. Kama ninyi mngekuwa wazee wa siku ile, mngemhukumu kijana namna gani? Mngemwuliza nini kwanza?
5. Zoezi la juma: gawanyeni wanafunzi wanne kwa gitaa moja, na mfanye mzunguko wa dakika tano tano kwa do ndogo na sol-saba ndogo. Mwishoni kila mmoja aseme aliona nini alipokuwa anaangalia vidole vya mwenzake.

Bwana abariki mikono yenu na nyumba zenu. Amina.